Nilipowapikia Vipepeo Chai ya Wageni

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni mmalize, halafu tuendelee.

Nyinyi wasichana watatu mlioandikwa juzi pale kituo cha wadudu, barabara ya Ngaremara, mnanijua kwa sura tu. Mimi ndiye yule mwanamke aliyesimama nje ya senyenge siku ya Ijumaa na mtoto mgongoni, akawaangalia mkikata pamba vipande vikubwa kama vya kufungia kidonda. Jina langu ni Talaso. Mtoto ni Rehema, ana miezi saba. Kwa miaka minane nililisha vipepeo ndani ya ile nyumba ya wavu mnayofagia sasa. Bwana Mwirigi, mkubwa wenu, ambaye alikuwa mkubwa wangu pia, amenitumia ujumbe eti niwaandikie "machache kuhusu ulishaji". Machache! Nimenunua daftari zima na sijui kama litatosha.

Naandika nikiwa na hasira na mtoto ananivuta kalamu, kwa hivyo mwandiko mtausamehe. Hasira msiisamehe, isomeni. Si yenu lakini inawahusu, na mkifika mwisho mtajua ni kwa nini.

Tuanze na mdomo.

Kipepeo hana meno. Hatafuni, haumi, hana haja na majani yako. Majani aliyala akiwa kiwavi, na aliyala bila adabu. Akishaota mabawa chakula chake ni cha kunywa tu, na kinywaji anachokitaka kuliko vyote ni mbochi, yaani yale maji matamu yanayokaa chini kabisa ndani ya ua. Huyafikia kwa mrija. Mrija huo huwa umejikunja chini ya uso wake kama springi ya saa, na ukimtazama haraka utadhani Mungu alisahau kumpa mdomo. Harufu na rangi ndizo humwita. Anatua. Kisha anaonja kwa miguu, na miguu ikisema hapa patamu, mrija unafunguka wenyewe, unashuka ndani ya ua, anaanza kuvuta.

Nilipoambiwa habari ya miguu nilidhani nachezewa. Aliyeniambia ni Mzee Galgalo. Huyu alikuwa mchungaji wa Kulamawe mpaka kiangazi kimoja kikammalizia ng'ombe, akaja kituoni kutafuta kazi ya ulinzi. Wale watafiti wa kutoka Nairobi walitaka kujua vipepeo wa nchi hii kavu wanaishi kwa maua gani, na ni maua gani hayawezi kuzaa bila kutembelewa na kipepeo. Wakagundua kwamba mlinzi wao anayajua hayo yote na hajaingia darasani hata siku moja. Basi akatolewa langoni, akaingizwa kwenye wavu. Mimi nikaletwa niwe mkono wake wa kuandika. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nikajiona nimekuja kumfundisha.

"Anaonja kwa miguu?" nikamwuliza.

"Kwa miguu."

"Sasa Mzee, akikanyaga mkojo wa ngamia, ameonja mkojo?"

"Ameonja. Na wale wa kiume wanaupenda sana." Akanitazama. "Umeshangaa nini? Wewe hujui wanaume?"

Alikuwa hanichezei. Kesho yake alinipeleka mtoni, pale mifugo hunyweshwa, nikaona vipepeo weupe wamekaa chini kwenye mchanga uliolowa mkojo, wengi kama karatasi zilizomwagika, kila mmoja mrija chini. Wanatafuta chumvi, maana kwenye mbochi chumvi ni kidogo. Niliandika hivyo hivyo: "Mkojo wa ngamia, asubuhi, madume." Bwana Mwirigi aliposoma alifuta, akaandika kwa mkono wake, "Unyevunyevu wenye asili ya mifugo." Angalieni daftari la kwanza, bado liko. Kalamu nyekundu.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, kabla hamjaambiwa na mtu mwingine.

Mwanzoni tulikuwa tunawalisha maua halisi. Alfajiri tunakata matawi ya mgunga yaliyochanua kando ya mto, tunayatia kwenye chupa za maji, tunaingiza ndani ya wavu. Ikifika saa nne maua yamenyauka na mbochi imekwisha. Kiangazi changu cha kwanza kilipokuja, matawi yakakosekana kabisa, ikaamuliwa tutumie maji ya sukari kwenye sahani, na pamba ndani yake. Wiki hiyo Mzee Galgalo alikuwa amekwenda kwao kwenye harusi. Nilikuwa peke yangu. Nikamwuliza Bwana Mwirigi sukari ngapi.

"Weka ya kiasi," akasema, akaenda zake. Yeye ni mtu wa Meru, alikuwa amekuja na diploma mpya. Kwao kiasi ni kiasi.

Mimi ni binti wa nyumba ya Kiborana. Kwetu mgeni akiingia, awe wa mbali au wa karibu, chai yake haibahatishwi. Mama yangu angeona aibu mgeni akinywa chai ambayo haikushika midomo. Sukari ikiwa chache nyumbani, sisi watoto tulikunywa isiyo na sukari ili ya mgeni itoshe. Nami vipepeo niliwaona kama wageni kabisa: wametolewa porini, wamefungiwa kwetu, hawana chakula. Niliwapikia. Haki ya Mungu niliwapikia, kwenye sufuria, mpaka kijiko kilikuwa kinasita kuzama. Nikamwaga kwenye sahani, nikasimama pembeni nimejisikia vizuri, kama mtu aliyepokea wageni na hakuna atakayemsema.

Walikuja. Walitua wengi kuliko siku zote. Miguu ikasema patamu, mirija ikashuka. Halafu nikaona mmoja anavuta mguu hauji. Mwingine ameinua mrija, tone limeshika kwenye ncha, linakauka, mrija umenyooka mbele ya uso kama kijiti na hauwezi kujikunja tena. Walikuwa wanahangaika juu ya pamba kama watu waliokanyaga lami mpya. Nikaanza kuwabandua kwa vidole, mabawa yakabaki kwenye vidole. Saa sita sisimizi walikuwa wameingia, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi sahani, na aliyekuwa hai alikuwa analiwa akiwa hai.

Bwana Mwirigi alikuja akasimama mlangoni. "Umeua vipepeo wa serikali," akasema. Nililia mbele yake. Ilikuwa mara ya mwisho kulia mbele yake, hilo mliandike.

Mzee Galgalo aliporudi hakunigombeza. Aliinama, akatia kidole gumba na cha shahada kwenye yale mabaki, akavibana pamoja akangoja, kisha akavitenganisha. Vilishikana. Ngozi ilivutika kabla havijaachana.

"Intala," akaniita, maana kwetu msichana huitwa hivyo, "hii ni chai ya nani?"

"Ya wageni."

"Mgeni wako ana koo pana kama hili?" Akagusa koo lake. "Mrija wa huyu ni mwembamba kuliko unywele wa mbuzi. Wewe unaweza kunywa uji mzito kwa bua la nyasi?"

Tangu siku hiyo kipimo ni hiki: kijiko kimoja cha sukari, vijiko vitano vya maji. Halafu vidole viwili. Tia, bana, ngoja kidogo, achanisha. Vikishikana, rudisha maji. Karatasi mliyopewa ofisini ina kile cha kwanza, haina hiki cha pili. Hiki cha pili ndicho kazi.

Kulisha kwa mkono nako nilifundishwa na yeye. Kuna wakati kipepeo haendi kwenye sahani. Ni mgonjwa, au amechoka, au amekuja kutoka safari kwenye boksi. Huyo lazima umshike.

"Umewahi kumfundisha mwanambuzi yatima kunyonya?" Mzee aliniuliza.

"Mimi nimesoma sekondari, Mzee."

"Kwa hivyo hujui kitu."

Akanieleza. Mwanambuzi aliyefiwa na mama ukimsukuma kichwa kwenye maziwa, anapaliwa, anaogopa chombo. Wachungaji huchovya kidole kwenye maziwa, wanakiweka mdomoni mwake, anyonye kidole kwanza. Akishapata ladha, atakifuata kidole mpaka kwenye maziwa mwenyewe. Kipepeo ni vilevile, ila yeye ladha yake unaianzia miguuni.

Basi fanyeni hivi. Mikono ikauke kabisa, bila mafuta, bila sabuni ya manukato. Shika mabawa yote manne yakiwa yamefumbwa, karibu na mwili, kwa kidole gumba na cha shahada. Usibane, shika kama unavyoshika jani la chai. Mweke miguu juu ya pamba yenye unyevu. Ngoja. Hapa ndipo mtu huharibu, hangoji. Akiwa na njaa, mrija utaanguka wenyewe. Usipoanguka, chukua sindano, ipitishe katikati ya ule mkunjo, uvute mbele taratibu mpaka uguse pamba, kisha uondoe sindano. Akiukunja tena, amekataa. Jaribu mara ya pili. Akikataa mara ya tatu mpeleke kwenye jua dakika chache kwanza, kwa sababu kipepeo mwenye baridi hali, hata umpe nini.

Na huo mrija una goti. Angalia vizuri, si mbali sana na kichwa, unapinda. Ndiyo maana anaweza kusimama mahali pamoja na kudonoa vijiua vingi bila kuhama, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda akachota kutoka sufuria zote.

Aliyetoka kwenye kifuko chake leo msimguse. Mrija wake bado ni nyuzi mbili, naye anaziunganisha ziwe bomba moja, anakunja na kukunjua, na kazi hiyo ni yake. Mimi mmoja nilimwonea huruma, nikamwahi na sindano. Nyuzi zikaachana. Aliishi siku mbili na sharubu mbili usoni, anagusa sukari na hawezi kuivuta. Huyo mmoja aliniuma kuliko wale wote wa chai ya wageni.

Mambo ya maua mtayajua polepole, lakini mawili nitawapa bure. La kwanza, lantana ya ule uzio wa nyuma ya ofisi. Kila kishada kina vijiua vya manjano na vijiua vyekundu. Vya manjano vina mbochi. Vyekundu vimekwisha, vinabaki tu kuvuta macho kutoka mbali. Kipepeo mzoefu havigusi. Ukikata matawi ya kulishia, usikate kwa uzuri, kata kwa umanjano.

La pili ni bougainvillea ya langoni. Ilipandwa kwa sababu wageni wa Nairobi walikuwa wanakuja na mkubwa alitaka pawe na rangi. Mwaka huo aliandika kwenye ripoti kwamba vipepeo wanajilisha kwenye maua yake mekundu. Nikamwambia hapana.

"Nimewaona kwa macho yangu wakitua," akasema.

"Kutua si kula. Hiyo nyekundu ni majani, Bwana Mwirigi. Ua lenyewe ni hilo jeupe dogo lililo katikati."

"Majani mekundu?"

Nikachuma moja, nikalifungua mbele yake. Alilitazama muda mrefu. Halafu akachukua ripoti akafuta, akaandika upya, na akaandika vizuri. Nasema hili ili msinielewe vibaya. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ukimweka kitu mkononi anakubali, na usipomweka mkononi hata umpigie kelele mwaka mzima hasikii. Kumbukeni hilo, mtalihitaji.

Sasa tuje kwenye kustaafu.

Mzee Galgalo alistaafu mbele yangu. Alichinjiwa mbuzi. Alipewa blanketi zito na hotuba, watu wakapiga makofi, akapanda lori la Kulamawe akiwa amevaa blanketi hilo saa nane mchana juani, kwa furaha. Kwa kweli alistahili. Kabla hajapanda aliniachia sindano yake, ile yenye kichwa cha nta, akaniambia, "Hii haikai ofisini. Inakaa kwa anayelisha."

Mimi nilistaafishwa kwa barua. Nilikuwa nimerudi kutoka likizo ya uzazi. Mume wangu ni dereva wa malori ya mifugo, wiki hii yuko, wiki ijayo hayuko. Mama mkwe yuko Korbesa na ng'ombe zake. Rehema ananyonya. Kwa hivyo nilimfunga mgongoni na leso, nikaja kazini kama kila mwanamke wa Isiolo anavyoenda sokoni, kisimani, kutafuta kuni. Bwana Mwirigi alinikuta kwenye mlango wa wavu.

"Talaso, mtoto atakaa wapi?"

"Hapa." Nikamgeuzia mgongo aone.

"Nje sawa. Ndani ya wavu hapana."

"Kwa nini?"

"Maziwa yana harufu. Sisimizi watakuja."

"Sisimizi walikuja kwa sukari, Bwana Mwirigi. Huyu alikuwa hajazaliwa."

"Ndio nasema tusirudie."

Mnaona? Miaka minane, na kosa la wiki moja ndilo alilolikumbuka, tena akalibandika kwa mtoto. Nikamwambia amlete sisimizi mmoja, mmoja tu, aliyewahi kufuata titi la mwanamke, na mimi nitaondoka mwenyewe. Akasema nisitumie lugha hiyo ofisini. Siku ya nne barua ikaja: "Amestaafu kwa sababu za kifamilia." Hakuna mbuzi, hakuna blanketi. Nilikuwa na familia, hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Na yeye ana watoto watano, hajawahi kustaafu kwa hata mmoja.

Niliondoka na sindano. Haikuwa ya ofisi.

Halafu kiangazi hiki kikaja, mnakijua, hata mgunga wa mtoni ulikataa kuchanua. Hapakuwa na ua lolote la kutegemea, kila kipepeo lazima alishwe. Nyinyi mlikuwa bado hamjaandikwa, na mkubwa alikuwa anawalisha mwenyewe, kwa karatasi. Asubuhi moja nafua nguo nyumbani, mtaa wa Bula Pesa, nikasikia:

"Hodi hapa. Habari, Mama Rehema."

Mama Rehema! Miaka minane Talaso, leo Mama Rehema. Nikajua kuna shida.

"Nzuri. Karibu. Vipepeo wangapi wamekufa?"

Alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa. "Wengi. Wanatua halafu wanaacha. Wa Nairobi wanakuja mwisho wa mwezi. Wakikuta hivi watafunga ile nyumba."

"Kipimo?"

"Moja kwa tano. Kama wewe. Sijabadilisha kitu."

"Basi sijui."

"Fikiria tu uniambie, nitaenda nifanye."

"Haiambiwi, Bwana Mwirigi. Inaonwa." Nikakamua nguo ya mwisho, nikamfunga Rehema mgongoni, nikachukua sindano. "Twende. Sisi wawili."

Alijua ni wawili gani. Alitembea mbele mpaka kituoni. Kwenye mlango wa wavu akasimama, mkono juu ya kufuli, akamtazama mtoto. Mimi nikatazama ule mkono. Ukafungua.

Ndani palikuwa pa kusikitisha. Waliobaki walikuwa wamening'inia kwenye wavu mabawa yamelegea. Sahani zilikuwa safi, pamba nyeupe, zimepangwa kwa mstari mzuri kama darasa. Zilikuwa upande wa jua.

"Ulichanganya saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, kila siku. Inatosha mpaka jioni."

Ilikuwa imekaribia saa tano. Sikumwambia kitu. Nilijua kumwambia hakusaidii.

"Tia vidole viwili," nikasema. "Hicho na hicho. Bana. Ngoja."

Akatia. Akabana. Akangoja, uso wake kama wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Achanisha."

Vilishikana. Alivuta, ngozi ikafuata, vikaachana kwa sauti ndogo, na uzi wa sukari ukabaki unaning'inia kati yake. Alitazama vidole vyake kama alivyolitazama lile ua la bougainvillea.

"Lakini ni moja kwa tano," akasema polepole.

"Saa moja ni moja kwa tano. Maji yameondoka na jua, sukari imebaki. Saa tano hiyo ni chai ya wageni."

Akachukua ndoo mwenyewe akaenda kuteka maji.

Tulihamisha sahani kivulini, tukaosha pamba, tukachanganya upya, kidogo kidogo, ya kutosha muda wa saa mbili tu kila mara. Halafu nikaanza na wale walioning'inia, mmoja mmoja, miguu juu ya pamba. Katikati ya kazi Rehema akaamka, na Rehema akiamka na njaa mji mzima huamka. Nilipindua kreti, nikakaa, nikampa titi. Mkono wa kushoto mtoto, wa kulia sindano. Bwana Mwirigi alisimama hapo na ndoo, hajui aangalie wapi, akaamua kuangalia kipepeo. Ilikuwa heri, kwa sababu ndipo alipoona: miguu ikatulia, mrija ukashuka peke yake bila sindano, ukapinda gotini, ukagusa pamba, na tumbo la yule mdudu likaanza kupanda na kushuka taratibu. Alikuwa anakunywa. Na Rehema anakunywa.

"Sisimizi yuko wapi?" nikamwuliza.

Aliangalia chini, kweli aliangalia, mlangoni mpaka kwenye kreti. "Sijamwona," akasema.

Nilikwenda siku tisa mfululizo, na mtoto. Wa Nairobi walikuja wakakuta nyumba imejaa mabawa, wakaondoka wameridhika. Bwana Mwirigi akaniambia ameandika barua huko nirudishwe. Naamini aliandika. Jibu lililorudi lilisema hakuna utaratibu wa mfanyakazi mwenye mtoto, nafasi ijazwe na wasichana watatu wasio na majukumu, na aliyestaafu aombwe aandike machache kuhusu ulishaji.

Hao watatu ni nyinyi. Na machache ni haya.

Nimewaandikia kipimo, vidole viwili, kivuli, manjano ya lantana, kungoja. Hayo yanatosha kuwaweka hai kwa majuma kadhaa. Lakini sindano haiandikiki. Nimejaribu hapo juu, nimesoma nilichoandika, na najua mtu akifuata maneno yale bila mkono juu ya mkono wake ataachanisha nyuzi, kama mimi. Mzee Galgalo alinishika kidole mara nyingi kabla sijaweza. Lazima niwashike vidole.

Jumatatu nakuja, saa moja, na Rehema mgongoni, na sindano imechomekwa kwenye leso yake. Sitapita ofisini kuuliza. Nitakuja moja kwa moja mpaka mlango wa wavu, ule wenye komeo kwa ndani, na saa hiyo ndani mtakuwa nyinyi. Nitapiga hodi mara moja tu. Leo hamna majukumu, ndivyo barua inavyosema. Mwaka ujao au mwingine mmoja wenu atasimama mahali nitakaposimama mimi, na leso mgongoni, na atataka mlango huo uwe umezoea kufunguliwa.

Wekeni kreti karibu, ile ya kukalia. Maji yawe ya mtungi, ya baridi. Sukari msiguse, nitapima mwenyewe.